Borani ni ya Nani?

Kuna vyakula ambavyo ukivikuta mezani huwezi kudhani vina nasaba. Borani ni kimojawapo. Ni mtindi mzito uliochanganywa na spinachi iliyochemshwa na kukamuliwa, kitunguu cha kukaanga, saumu kidogo na chumvi. Basi. Wairani huila ikiwa baridi, wakichovya mkate au wakiiweka pembeni ya wali, na hii ya majani wanaiita borani-ye esfenaj, borani ya spinachi. Ipo pia ya biringani, ya bitiruti na ya boga. Ni chakula cha mtu aliyerudi nyumbani jioni na njaa yake na hana subira ya kusubiri nyama iive.

Lakini hebu uliza jina hilo limetoka wapi. Jibu litakuja haraka: kwa malkia. Watakusimulia habari za Buran, binti wa mfalme Khosrow wa Pili, mmoja wa wanawake wawili waliokalia kiti cha enzi cha Wasasani kwenye miaka ya 630, dola ile ikiwa tayari inayumba. Ati malkia huyo alipenda mno vyakula vya mtindi, wapishi wa jumba wakawa hawampikii kingine, navyo vikaitwa "purani" kwa jina lake, kisha p ikageuka b. Kisa hiki kimesambaa sana, kila anayeandika juu ya borani hukirudia.

Mimi sikatai kwamba malkia alikula mtindi. Katika nchi ile nani hakula? Ninachouliza ni ushahidi, maana vitabu vya mapishi vya zama zake hatunavyo. Na naomba msomaji univumilie nikichimba kidogo, kwa sababu jambo lenyewe si la tumbo peke yake. Sisi watu wa pwani tunayo desturi hiyohiyo ya kutafutia kila kitu chetu mfalme wa mbali, nami nimeipenda borani kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi desturi hiyo inavyofanya kazi.

Bibi harusi wa Fam al-Silh

Yupo Buran mwingine, na huyu ndiye ambaye wanaochunguza historia ya mapishi humwelekea zaidi. Hakuwa malkia. Alikuwa binti wa Hasan bin Sahl, mtu wa ukoo wa Kiajemi aliyekuwa mkono wa kulia wa Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad. Alichumbiwa akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, akaolewa Ramadhani ya mwaka 210 Hijria, ambayo kwa hesabu ya miladi inaangukia kati ya Desemba 825 na Januari 826. Harusi ilifanyika kwa baba yake, mahali paitwapo Fam al-Silh, karibu na mji wa Wasit huko Iraki.

Harusi yenyewe wanahistoria wa Kiarabu hawakuisahau. Tabari anasimulia mambo ya kushangaza. Wageni wakubwa walirushiwa vidonge vya miski, na ndani ya kila kidonge mlikuwa na kikaratasi kilichoandikwa jina la shamba, la mtumwa au la farasi. Aliyekidaka alikwenda kudai chake. Bibi yake Buran akawamiminia maharusi lulu elfu moja kutoka katika sinia la dhahabu. Ukawashwa mshumaa wa ambari mkubwa kiasi kwamba khalifa mwenyewe alinung'unika kuwa huo ni ubadhirifu.

Yasemekana usiku ule bibi harusi alipoambiwa aombe anachotaka, aliomba msamaha kwa ajili ya mtu mwingine: Ibrahim bin al-Mahdi, ami yake khalifa, aliyewahi kujitangaza khalifa mjini Baghdad na baadaye kuishi mafichoni. Akasamehewa. Na huyu Ibrahim, kumbe, alikuwa mwimbaji, mshairi na mpishi hodari. Aliandika kitabu cha mapishi ambacho leo tunakijua kupitia vitabu vya waliomfuata tu. Kwa hiyo katika kisa hiki kimoja tunao mwanamke ambaye jina lake lilikuja kuwa chakula, na mwanamume aliyeokolewa naye ambaye aliandika vyakula. Ukikikuta katika riwaya utasema mwandishi amezidisha.

Lakini rudi kidogo kwenye vile vidonge vya miski. Shamba, mtumwa, farasi. Mtu alidakwa hewani kama peremende. Buran aliishi sana. Alikufa mwaka 884, miaka hamsini na moja baada ya mumewe. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake ndipo majeshi ya Baghdad yalipofaulu kuzima uasi mkubwa wa Zanj, uliokuwa umewaka tangu 869 katika mabwawa ya karibu na Basra. Watumwa waliokuwa wakikwangua ardhi ya chumvi kule waliinuka, wakajenga mji wao, wakapigana miaka kumi na minne, na Wasit yenyewe, jirani ya Fam al-Silh, ikaingia mikononi mwao kwa muda. Zanj ni jina ambalo Waarabu waliita pwani yetu. Wanahistoria bado wanabishana ni wangapi hasa kati ya waasi wale waliotoka huku, nami siwezi kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba jina la bibi harusi tunalo hadi leo kwenye sahani, na waliokwangua chumvi hawakuachiwa hata jina moja la mboga.

Biringani kwanza

Sasa tufungue vitabu vya jikoni. Katika karne ya 10 Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya mjini Baghdad kitabu chenye mapishi zaidi ya mia sita, mengi yakiwa ya makhalifa na watu wao, yakiwemo ya yule Ibrahim. Jina la Buran limo. Ila ukitafuta spinachi na mtindi chini ya jina hilo utachoka bure. Chakula cha Buran ni biringani za kukaanga.

Hili si jambo dogo. Zama zile biringani ilikuwa na sifa mbaya. Ilitoka India ikapitia Uajemi, na matabibu waliiogopa: walisema inazidisha nyongo nyeusi na kuleta huzuni. Na kweli biringani za kale zilikuwa chungu. Dawa ikawa kuzitia chumvi zitoe maji yake machungu kabla ya kuingia kwenye mafuta. Pishi lililoitwa kwa jina la Buran lilikuwa sehemu ya ushindi wa wapishi juu ya uchungu huo. Jina likaenea pamoja na mboga yenyewe. Huko Andalusia hadi leo kuna chakula kiitwacho alboronía, mchanganyiko wa biringani, boga na, tangu mboga za Marekani zilipofika, nyanya na pilipili hoho. Mtindi haumo hata tone. Jina lilifika Hispania likiwa bado ni la biringani.

Washairi nao ni mashahidi. Wairani wana mzaha wa kale unaochukua beti ya kitawa inayohusishwa na Khaqani, mshairi mzito wa karne ya 12, halafu unaweka biringani na borani mahali pa ufalme na ufukara. Mzaha huo hauchekeshi kama msikilizaji hajui kwamba vitu hivyo viwili ni kama kimoja. Na Shiraz, mwanzoni mwa karne ya 15, kulikuwa na mchambuaji pamba aliyeitwa Abu Ishaq, maarufu kama Bushaq wa Vyakula, ambaye aligeuza mashairi ya wakubwa yakawa ya jikoni na hata kuandika utenzi wa vita kati ya wali wa zafarani na tambi. Katika nchi ambayo ushairi ni mkate wa kila siku, si ajabu jina la chakula likakaa miaka elfu.

Maziwa ya Kiajemi

Basi spinachi na mtindi viliingia lini? Hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 1226, miaka thelathini na miwili kabla Wamongoli hawajaiangusha Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu kidogo cha mapishi. Alianza kwa kusema kwamba kati ya starehe zote za dunia, chakula ndicho cha kwanza. Hesabu yake ilijumuisha vinywaji, mavazi, mapenzi, manukato na muziki. Ndani ya kitabu hicho kuna buraniyya ya nyama na biringani. Lakini mbali na hapo, katika vyakula vya pembeni, kuna kundi dogo la mapishi yasiyo na jina la mtu yeyote. Biringani kwa maziwa. Boga kwa maziwa. Mboga ya majani kwa maziwa. Namna yake ni moja: chemsha kwa maji na chumvi, kausha, kisha tia ndani ya "maziwa ya Kiajemi" pamoja na saumu. Maziwa ya Kiajemi ni mtindi.

Soma tena. Mboga iliyochemshwa na kukaushwa, mtindi, saumu, chumvi. Hiyo ndiyo borani ya leo karibu yote, ila haiitwi borani. Inaitwa tu kwa vitu vilivyomo, kama sisi tunavyosema mchicha wa nazi.

Mboga ya majani ya pishi lile haikuwa spinachi, ilikuwa ile ya ukoo wa bitiruti, yenye jani pana na bua nene. Spinachi yenyewe ilikuwapo zamani, na kwao ni Uajemi. Jina lake la Kiajemi, aspanakh, ndilo lililopita kwa Waarabu hadi likawa espinaca ya Wahispania, na Wachina waliiita mboga ya Uajemi. Inasemekana iliwafikia mwaka 647, ikiletwa kama zawadi kutoka Nepal.

Kwa hiyo fikra yangu ni hii, na ichukue kama fikra ya msomaji wa vitabu, si hukumu. Kulikuwa na jina lenye fahari, Buran, lililokuwa mali ya biringani. Na kulikuwa na pishi la watu wote, mboga kwa mtindi na saumu, lisilokuwa na jina. Biringani ilikuwa kwenye pande zote mbili, ikawa daraja. Mahali fulani ndani ya Iran jina likavuka juu ya daraja hilo, likatua kwenye mtindi, kisha likatambaa hadi kwenye spinachi, bitiruti na boga. Afghanistan nako borani ni biringani za kukaanga zilizomwagiwa mtindi, kama kwamba pale safari ilisimama katikati. Uturuki wana borani ya spinachi inayotiwa wali na kuliwa na mtindi. Mwisho wa yote, watu wakauona mtindi, wakalisikia jina, wakamtafuta Buran mkubwa kuliko wote katika historia yao. Wakampata malkia.

Na sisi je?

Msomaji wa Zanzibar, Kilwa au Lamu ameshajua ninakoelekea. Simulizi za Kilwa zinasema mji ulianzishwa na mwana wa mfalme wa Shiraz aliyekuja kwa jahazi. Ushirazi umekuwa kwetu nasaba, heshima, na katika karne iliyopita siasa kabisa: mwaka 1957 Zanzibar kulizaliwa chama kilicholibeba neno hilo ndani ya jina lake.

Uajemi kwetu si hadithi tupu. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Makunduchi wanaoga mwaka kila Julai, na Nairuzi ni neno la Kiajemi. Bandari, bustani, rangi, serikali, pilau, sambusa: yote yamepita kwao. Hata biringani, ambayo kwetu imekuja kwa kuzunguka: kutoka Uajemi kwenda kwa Waarabu, kutoka kwa Waarabu kwenda kwa Wareno, na Wareno wakatuletea na beringela yao.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu themanini waliozikwa kwenye miji ya kale ya pwani hii. Majibu yake yaliwafurahisha na kuwaudhi watu wa pande zote. Kweli walikuwapo Waajemi, na damu zilianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Ila waliokuja walikuwa wanaume, karibu wote. Wanawake walikuwa wa hapa.

Mimi niliposoma habari hiyo nilifikiria jiko. Mwana wa Shiraz, kama alikuja, aliketi akaletewa chakula. Nani alikipika? Ndiyo maana lugha tunayoongea ni ya akina mama wale, na ndiyo maana majani hapa hayakutiwa mtindi, yalitiwa tui. Mchicha wa nazi ni jani lililolainishwa, likapewa kitu cheupe chenye mafuta, kitunguu na chumvi. Sisemi kwamba umetokana na borani, hakuna haja. Wanawake wa pande mbili za bahari walikuwa na majani makali na walikuwa na kitu laini cha kuyatuliza, kila mmoja akatumia alichokuwa nacho. Kule walimpa sifa malkia. Huku sifa tulimpa mwana wa mfalme.

Jikoni

Nimeshaipika borani mara nyingi Dar es Salaam, na nitakupa ninavyofanya, maana historia ya chakula isiyofika sahanini ni umbea.

Anza na mtindi, tena jana yake. Mtindi wetu wa dukani ni wa kunywa, mwepesi na mkali. Tandika kitambaa safi cha pamba kwenye chujio, mimina lita moja, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi maji yamejaa bakuli la chini na juu umebaki mtindi mzito kama siagi laini, karibu nusu ya ulioanza nao. Wairani wanauita mast-e chekide, mtindi uliodondoka maji. Yale maji usimwage, kandia chapati.

Spinachi, nusu kilo. Hapa kuna jambo la kuchekesha: ile tunayouziwa sokoni kwa jina la spinachi, yenye majani makubwa na mabua manene, mara nyingi si spinachi ya Uajemi. Ni ileile mboga ya ukoo wa bitiruti aliyoiandika al-Baghdadi mwaka 1226. Kwa hiyo usihuzunike kwamba huna kitu halisi. Una pishi la kale zaidi. Toa mabua, osha mara tatu, chemsha kwa maji ya chumvi dakika tatu au nne, mwaga, poza kwa maji baridi, kisha kamua kwa mikono miwili kama unayefua. Kamua tena. Borani inaharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Halafu katakata.

Kaanga kitunguu kimoja kikubwa taratibu hadi kiwe rangi ya kahawia, mwishoni tia punje mbili za saumu zilizopondwa, kwa nusu dakika tu. Tia spinachi, geuza, onja chumvi, epua. Acha ipoe kabisa. Ukiitia ya moto mtindi utakatika. Kisha changanya na mtindi vikombe viwili na pilipili manga. Iache kwenye friji angalau saa moja. Kwa hesabu ya Wairani ya vyakula vya baridi na vya moto, mtindi na spinachi vyote ni baridi, na saumu ndiyo inayosawazisha. Wazee wetu wa pwani wana hesabu kama hiyo na wataelewa bila maelezo. Juu nyunyiza nanaa kavu iliyofikichwa, na jozi zilizopondwa kama mfuko unaruhusu.

Najaf Daryabandari, aliyewapa Wairani Hemingway na Mark Twain kwa Kifarsi, alifungwa miaka kadhaa baada ya mapinduzi ya 1953 kwa siasa zake. Gerezani alitafsiri historia ya falsafa ya Bertrand Russell, na inasimuliwa kwamba humohumo ndimo alimoanza kupendezwa na upishi. Mwaka 2000 yeye na mkewe, mwigizaji Fahimeh Rastkar, walitoa kitabu cha mapishi cha juzuu mbili. Ndani ya jina lake kuna maneno "kutoka saumu hadi kitunguu", ambayo kwa Kiajemi maana yake ni habari yote bila kuacha kitu. Nalipenda jina hilo. Halina malkia.

Wewe ukiipika, ile kwa mkate wa ajemi, na hapo usiniulize kwa nini tunauita hivyo, tutakesha. Ikibaki ifunike vizuri. Siku ya pili saumu inakuwa imetulia na ni tamu zaidi.